Namba Inayopotea: Namna ya Kusoma Ekra ya Mizani kwa Mikrokontrola



Wengi munanijua: nilimaliza lisansi ya agronomia ku Lubumbashi, na leo niko huku upande wa Kundelungu, ninatumika na kikundi cha walimaji wa mahindi. Leo sitaandika juu ya mbegu wala mbolea. Nitaandika juu ya kitu ambacho hatukusoma mu fakilite yetu: namna ya kuchukua namba zinazopita ku ekra ya mashine, na kuziweka fasi hazitapotea. Najua wengine watasema, "Agronomo naye anaingia mu mambo ya elektroniki?" Muvumilie kidogo. Kisa chenyewe kilianza na gunia moja ya mahindi.

Kilo 58 ao kilo 68?

Kikundi chetu kinakusanya mahindi ya wanamemba, kiisha kinauza kwa pamoja, juu mchuuzi anayekuja na kamiyo anatoa bei nzuri kwa mwenye mzigo mwingi. Kila gunia inapita ku mizani ya elektroniki, ile tunaita balanse. Sekretere anasimama mbele ya ekra, anasoma namba, anaandika mu kaye. Gunia inashuka, namba inarudi ku sifuri, gunia ingine inapanda. Ni hivyo mpaka magaribi.

Msimu uliopita mama mmoja alisimama kando ya mizani wakati gunia yake iko juu. Sekretere aliandika 58. Mama akasema, "Hapana, Papa Sekretere, miye niliona makumi sita na munane." Walibishana. Lakini gunia ilikuwa imekwisha kushuka na watu wengine walikuwa nyuma wanangoja. Mtu mmoja akacheka, akasema mama anataka kilo 10 za bure. Mama alinyamaza, akachukua pesa yake, na msimu uliofuata hakurudi mu kikundi. Mtu hatoki mu kikundi juu ya kilo 10. Anatoka juu aliitwa mwongo mbele ya watu.

Miye nilikuwa pale na sikuweza kumsaidia mtu yeyote, wala mama wala sekretere. Namba ilikuwa imepotea. Kaye inaonyesha paka kile mtu mmoja aliandika. Njo nikaanza kujiuliza: mizani yenyewe inajua kilo, inazionyesha kila mara, kwa nini haizikumbuki?

Mashine isiyokuwa na mlango

Kuko mizani za bei kali zenye tundu ya kutolea data: unaweka kable, kompyuta inapokea namba. Yetu haina. Ni mizani ya sahani ya chuma, inatumia batri, na namba yake inatokea fasi moja tu: ku ekra. Ni vile pia kwa vyombo vingi tunavyotumia huku, kama kile cha kupima unyevu wa mbegu, ao kile cha kupima asidi ya udongo. Vyote vinapima, vinaonyesha, vinasahau. Kwa hiyo kama unataka data, unapashwa kuikamata pale ku ekra, ao karibu na ekra.

Chombo cha kukamata ni mikrokontrola. Ni kompyuta ndogo ndani ya chipu moja: iko na miguu ya kupokea na kutoa umeme, na programu moja tu ambayo inaifanya tena na tena bila kuchoka. Miye nilitumia Arduino Nano, ambayo ndani yake kuko chipu ya ATmega328P inayotembea kwa megahezi 16. Inakula umeme kidogo sana. Pano ndogo ya jua na batri vinatosha. Ni kitu cha maana huku kwetu.

Kwanza tuelewe ekra

Ekra ya LCD haitoi mwangaza. Ni vioo viwili vyembamba, na katikati yao kuko kristali ya maji-maji. Aliyeiona kwanza alikuwa mtu wa mimea kama sisi: Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa botania wa Austria, mwaka wa 1888, wakati alikuwa anachunguza kolesteroli iliyotoka mu karoti. Aliona kitu kinachoyeyuka mara mbili: kwanza kinakuwa maji mazito ya mawingu, kiisha maji meupe. Ilipita zaidi ya miaka 80 mbele ya watu kupata namna ya kuitumia kwa ekra tunazozijua leo.

Namna inatumika ni hii. Bila umeme, kristali zimejipanga kama ngazi ya kuzunguka, na mwangaza unapita ukizunguka nazo. Ukiweka umeme fasi fulani, zinajinyoosha, mwangaza unazuiliwa, na pale panakuwa peusi. Ile fasi nyeusi njo kijiti kimoja cha namba. Tarakimu moja iko na vijiti 7, na mafundi wanaviita kwa herufi: a juu, b kuume juu, c kuume chini, d chini kabisa, e kushoto chini, f kushoto juu, g katikati. Namba 1 ni b na c. Namba 7 ni a, b na c. Namba 8 ni vyote.

Sasa angalia vizuri, juu hapa njo kuko siri ya kisa chetu. Namba 5 ni a, c, d, f, g. Namba 6 ni a, c, d, e, f, g. Tofauti yao ni kijiti kimoja tu, kile e cha kushoto chini. Ni vile pia 8 na 9: ukiondoa e ku 8, inabaki 9.

Jambo la pili la kujua: kristali hazipendi umeme unaokwenda upande mmoja. Ukiziwekea umeme wa batri moja kwa moja kwa muda, maji yale yanaharibika. Kwa hiyo mizani inageuza-geuza umeme wa ekra mara makumi kwa sekunde. Na juu vijiti viko vingi, haiweki waya moja kwa kila kijiti. Inavigawa mu mistari, mara nyingi mistari 4, na kila waya inatumikia vijiti 4 kwa zamu. Njo maana ukigusa miguu ya kioo na multimetre hauoni "iko" ao "haiko". Unaona mchanganyiko wa umeme unaopanda na kushuka.

Milango minne

Ukitaka kuingia, kuko milango minne.

Mlango wa kwanza ni kioo chenyewe. Unafunga waya ku miguu ya kioo na kujaribu kutambua kijiti gani kimewaka. Nilianza hapo, na nilipoteza majuma matatu. Umeme pale uko na ngazi nne, si mbili. Unapashwa kupima kila mguu kwa wakati kamili wa zamu yake. Tena waya zangu zenyewe zilivuruga ekra: vijiti ambavyo vilipashwa kuwa vimezimika vilianza kuonekana kama vivuli. Sishauri mtu kupita hapo, isipokuwa hakuna njia ingine.

Mlango wa pili ni waya zinazopeleka habari ku chipu ya ekra. Ndani ya mashine nyingi, chipu kubwa inayohesabu kilo haiongozi kioo yenyewe. Inatuma ujumbe kwa chipu ingine ndogo, na ile ndogo njo inaongoza kioo. Ujumbe huo ni namba safi, iko ao haiko, bila ngazi nne. Ukisikiliza pale unapata kila kitu. Huu njo mlango niliotumia.

Mlango wa tatu ni ule wa ekra za herufi, zile zenye mistari miwili ya herufi 16. Nyingi zinafuata desturi ya chipu ya HD44780 ya Hitachi. Hizo ni rahisi kuliko zote, nitazieleza chini.

Mlango wa nne ni kuacha ekra kabisa na kwenda ku kipimo chenyewe. Chini ya sahani ya mizani kuko kipande cha chuma kinachopinda kidogo sana kikibeba uzito, na umeme wake unabadilika. Chipu ndogo inayoitwa HX711 inaweza kusoma umeme huo. Lakini pale unakuwa umetengeneza mizani mupya: sifuri ni yako, hesabu ni yako, na makosa ni yako. Kama watu wanabishana juu ya namba ya ekra, mizani ya pili itawapa tu namba ya tatu ya kubishania.

Kusikiliza bila kusema

Nilifungua mizani yetu, batri ikiwa imetoka. Nyuma ya kioo kulikuwa chipu imeandikwa HT1621. Hii ni ya kampuni ya Holtek, na utaikuta mu vyombo vingi vya bei ndogo. Inaweza kuongoza waya 32 mara mistari 4, ni kusema vijiti 128. Inapokea habari kwa waya tatu: CS, WR na DATA. Nilisude waya nne nyembamba: hizo tatu, na ya nne ya umeme wa chini, ile mase. Bila mase kuunganishwa pande zote mbili, hautasoma kitu isipokuwa makelele.

Mbele ya kuunganisha, pima volti. ATmega inayokula volti 5 inahesabu kuwa "iko" kuanzia volti 3. Mizani yetu inatuma volti 5, kwa hiyo hakukuwa shida. Lakini ukitumia ESP32, ambayo ni ya volti 3.3, usiipe volti 5. Weka rezistansi mbili, moja ya kilo-omu 1 na ingine ya kilo-omu 2, ili volti 5 ishuke mpaka karibu 3.3. Na sharia kubwa: miguu ya mikrokontrola yako iwe ya kupokea tu. Ukikosea na kuiweka ya kutoa, mashine mbili zitasukumana ku waya moja na moja itaungua. Weka pia rezistansi ya kilo-omu 1 ku kila waya ya kusikiliza. Ni kama mkanda wa mu gari.

Ujumbe wa HT1621 unakwenda hivi. CS inashuka: "sikiliza." Kiisha biti moja-moja inapita ku DATA, na kila mara WR inapanda, biti inahesabiwa. Biti 3 za kwanza zinasema aina ya ujumbe. 101 ni kuandika, 100 ni amri. Ukisoma 100, acha, juu haina kilo ndani. Ukisoma 101, biti 6 zinazofuata ni anwani, na nyuma yake inakuja data, biti 4 kwa kila anwani. Tarakimu moja iko na vijiti 7 na nukta yake, ni kusema biti 8, anwani mbili. Ekra ya tarakimu 6 ikiandikwa yote kwa mara moja ni biti 3 na 6 na 48, jumla 57. CS ikipanda, ujumbe umekwisha.

Kuko mitego miwili. Wa kwanza: anwani inaanza na biti kubwa, lakini data inaanza na biti ndogo. Hapo nilizunguka siku mbili. Wa pili ni mwendo. Biti zinaweza kupita kila mikrosekunde 7 ao chini ya hapo. Ile amri ya kawaida ya Arduino ya kusoma mguu mmoja inachukua mikrosekunde kadhaa, na biti zitakupita. Dawa yake ni kusoma miguu yote ya upande mmoja kwa mara moja, na kupanga WR ku mguu ambao unakatiza kazi ingine yote. Pale ndani usifanye hesabu. Weka biti mu memori tu. Hesabu ifanye CS ikikwisha kupanda.

Ukikwisha kupata biti, bado haujui biti gani ni kijiti gani, juu kila fundi wa kiwanda anapanga namna yake. Hapa njo kazi yetu ya agronomia inasaidia: ni kama jaribio la shamba. Badilisha kitu kimoja, angalia kinachobadilika, andika. Niliweka vitu vya uzito kidogo-kidogo ili tarakimu ya mwisho ipite 0 mpaka 9, na kila mara niliandika biti. Kutoka 1 kwenda 7 biti moja tu inabadilika: hiyo ni a. Kutoka 8 kwenda 0 moja inapotea: hiyo ni g. Kutoka 5 kwenda 6 moja inaongezeka: hiyo ni e. Kwa jioni moja nilikuwa na karata yote.

Na ile ekra ya herufi?

Kwa wenye chombo chenye ekra ya HD44780, mambo ni mepesi zaidi. Angalia miguu RS, E, na D4 mpaka D7. Kila mara E inashuka, habari inahesabiwa. RS ikiwa chini ni amri. RS ikiwa juu ni herufi. Wengi wanatumia waya 4 tu, kwa hiyo herufi moja inapita mara mbili, nusu ya juu kwanza. Namba 7 inapita kama 3, kiisha 7. Namba 4 inapita kama 3, kiisha 4. Unaona? Ukikamata 3, nusu inayofuata njo namba yenyewe. Amri 128 inasema "anza mustari wa kwanza", amri 192 inasema "anza wa pili". Hakuna karata ya kutafuta.

Siku ambayo mashine zilibishana

Bon, turudi ku mizani yetu. Nilichukua bidoni tatu, nikapima maji litre 20 kwa kila moja, litre kwa litre, nikaziweka ku sahani. Litre moja ya maji ni karibu kilo moja, kwa hiyo nilingoja kilo 60 na uzito wa bidoni zenyewe. Ku kompyuta yangu mikrokontrola iliandika 63.4. Nikaangalia ekra ya mizani: 53.4.

Kwanza nililaumu programu yangu. Nilirudi mu kodi, nikaisoma yote tena, nikapima tena kesho yake. Bado ilikuwa kilo 10 za tofauti. Nikamwita Papa Sekretere.

"Unasoma ngapi pale?"

"53 na nukta 4, Agronomo."

Kijana aliyetuletea maji alikuwa amesimama upande wa kushoto wa mizani. Akasema, "Eh, Papa, hapana. Ni 63."

Sote wawili tulikwenda kusimama pale kijana alikuwa. Toka upande ule, kijiti e cha tarakimu ya makumi kilionekana, hafifu, kama kivuli. Tukirudi mbele, kinapotea. Njia ya umeme ya kijiti hicho ndani ya kioo ilikuwa imezeeka. Kilikuwa kinapata umeme kidogo kuliko wenzake. Na LCD iko na tabia hiyo: kijiti chenye umeme kidogo kinaweza kuonekana toka upande mmoja na kisionekane toka ingine. Chipu ilikuwa inatuma 6. Kioo kilikuwa kinaonyesha 6 kwa anayesimama kando, na 5 kwa anayesimama mbele.

Na litre 60 za maji haziwezi kuwa kilo 53. Hapo hakukuwa tena mambo ya kubishana.

Papa Sekretere alikaa juu ya bidoni, akanyamaza muda mrefu. Kiisha akaomba kaye ya msimu uliopita. Tulifungua kurasa kwa kurasa. Mwanzo wa msimu kulikuwa magunia ya kila namna, 54, 61, 66, 57, 70. Lakini kuanzia ukurasa fulani hakukuwa tena hata gunia moja ya kilo 60 mpaka 69. Hata moja. Makumi tano zilikuwa nyingi sana, na makumi saba ziliendelea kama kawaida. Ingetosha mtu mmoja kuangalia ile kaye kama data, si kama orodha ya malipo, angeona. Na huyo mtu nilipashwa kuwa miye, niliyesoma takwimu miaka mizima.

Tulikumbuka pia kitu kingine. Siku ya kuuza, mizani ya mchuuzi ilitoa kilo nyingi kuliko kaye yetu. Tulifurahi. Tulisema labda mahindi yamevuta unyevu ku depo. Kumbe zilikuwa kilo za wanamemba wetu.

Namna tunafanya sasa

Tulibadilisha kioo. Lakini tuliacha mikrokontrola mahali pake, juu kioo kipya nacho kitazeeka siku moja. Sasa inafanya kazi tatu.

Kwanza, inaandika. Haiandiki kila namba inayopita, juu gunia ikipanda namba zinacheza. Inangoja namba ile ile ibaki sekunde mbili, ipite kilo 5, njo inaandika mustari mmoja ku karti ya memori, pamoja na saa. Saa inatoka ku moduli ndogo ya DS3231 yenye batri yake, kwa hiyo umeme ukikatika saa haipotei. Kiisha inangoja mizani irudi karibu na sifuri mbele ya kukubali gunia ingine. Bila sharia hiyo gunia moja itaandikwa mara tano.

Pili, inaonyesha. Niliweka ekra ya pili, ile ya herufi, imeangalia upande wa mwenye gunia. Sekretere anaona yake, mama anaona yake. Kama namba mbili hazifanani, kazi inasimama pale pale, gunia ikiwa bado juu.

Tatu, inatupa data ya kuangalia magaribi. Ninafungua faili ku kompyuta, ninahesabu magunia kwa kila kundi la kilo 10. Kundi moja likikosa kabisa, ninauliza.

Mambo ya kuangalia

Usifungue mizani ya mtu mwingine. Mizani ya mchuuzi ni yake, hata kama unaishuku. Na mizani ya biashara inaweza kuwa na kibandiko cha ukaguzi ambacho haina ruhusa kukatwa. Sisi tulifungua yetu, mbele ya komite, na tuliandika karatasi ya makubaliano. Usifanye kazi hii ku mashine iliyounganishwa na kura ya nyumba. Ile ya batri inatosha kwa kujifunza, na haitakuua.

La mwisho ni la maana kuliko yote. Kusoma waya kunakupa kile mizani inafikiri, si kile gunia iko nacho. Kama mizani yenyewe imeharibika, mikrokontrola itaandika uongo kwa mwandiko muzuri, pamoja na saa na dakika. Kwa hiyo kila asubuhi mbele ya kupima tunaweka bidoni yetu ya maji yaliyopimwa. Angalisho: bidoni ya litre 20 ukiijaza mpaka mdomo inashika zaidi ya litre 20, kwa hiyo pima maji litre kwa litre, funga, weka alama, na uitunze.

Kilo za ziada za msimu uliopita hatukuweza kujua ni za gunia gani hasa. Komite ilikata hivi: pesa yake igawanywe kwa wote walioandikwa makumi tano kuanzia ule ukurasa, kadiri ya hesabu ya magunia. Lakini kwa yule mama tulitoa kilo 10 kamili, juu yeye peke yake aliona na alisema. Papa Sekretere mwenyewe alimpelekea pesa nyumbani, na mbele ya jirani zake akamwambia, "Mama, ulikuwa na haki."

Nilikwenda naye. Mama alihesabu pesa, akafunga mu kitambaa, akaniuliza, "Na huyu aliyecheka, mutamuleta lini?"

Bado hajarudi mu kikundi. Alisema atafikiri.

Wandugu, mwenye chombo chenye ekra na anataka kujaribu, afungue kwanza aangalie jina la chipu nyuma ya kioo. Akilipata, aniandikie, tutatafuta karata pamoja.